Mirathi Isiyohesabiwa: Imani, Ushahidi na Malezi ya Mtoto katika Riwaya za Kiswahili

Katika fasihi ya Kiswahili mkana Mungu ni mgeni adimu. Tenzi za kale huanza kwa jina la Mwenyezi Mungu na kumalizikia kwa kuomba maghufira; na vitabu vingi vya kwanza vilivyopigwa chapa kwa herufi za Kirumi vilipitia mikono ya watu wa misheni. Mtu asiyeamini, alipotokea katika masimulizi, alitokea kwa kuonya tu: jeuri, mlevi, au mwana mpotevu ambaye mwisho wake ulikwisha kujulikana kabla hajafungua kinywa. Kwa hiyo swali la wakana Mungu, yaani swali la kutaka ushahidi wa yale yanayosadikiwa, na la kutaka kujua ni kwa haki gani mtoto hutiwa imani kabla hajapata akili ya kuipima, lilichelewa sana kupata msemaji katika lugha hii. Makala haya yachunguza namna swali hilo lilivyoingia katika riwaya za Kiswahili, kwa njia gani, na kwa kadiri gani limetendewa haki. Uzito wa mazungumzo utaelekezwa Nyanda za Juu za Kusini, kwani huko ndiko ilikotoka riwaya moja inayolikabili jambo hili karibu zaidi, na huko ndiko ambako jambo lenyewe limekuwa la kufa na kupona.

Swali lenyewe

Hoja za wakana Mungu ni nyingi, lakini mbili ndizo zinazohusu fasihi zaidi. Ya kwanza ni ya ushahidi. Mwaka 1877 Mwingereza W. K. Clifford, aliyekuwa mtaalamu wa hisabati, alidai kwamba kusadiki jambo bila ya ushahidi wa kutosha si udhaifu wa akili tu, bali ni kosa la tabia, kwa kuwa imani ya mtu haimdhuru yeye peke yake. Alitoa mfano wa mwenye meli kuukuu aliyejisadikisha kwamba meli yake ni nzima, akairuhusu itweke na abiria, nayo ikazama. Mtu huyo, kwa hukumu ya Clifford, ana hatia hata kama aliamini kwa moyo wote. Na angekuwa na hatia ile ile kama meli ingefika salama, maana hatia haimo katika tokeo bali imo katika namna alivyoipata imani yake.

Hoja ya pili ni ya malezi. Bertrand Russell, katika hotuba aliyoitoa London mwaka 1927, alisema kwamba kinachowafanya wengi wamwamini Mungu si hoja yoyote, bali ni kule kufundishwa hivyo tangu utotoni. Naye Richard Dawkins, katika kitabu chake cha mwaka 2006, akaongeza kwamba si haki kumwita mtoto mchanga Mkristo au Mwislamu: huyo ni mtoto wa wazazi Wakristo au Waislamu, na jina la dini lapasa kumngojea mpaka afikie umri wa kulichagua.

Hoja hizi si ngeni kama zinavyodhaniwa. Mwanamke aendaye sokoni Mwanjelwa, mjini Mbeya, kununua mchele hasadiki neno la mwuzaji kwamba mchele wake umetoka Kyela. Huteka konzi, akaunusa, akautazama kama una chenga nyingi, akatafuna punje mbili tatu. Na asiporidhika huhamia meza ya pili. Hapana amwitaye mtovu wa adabu kwa kufanya hivyo. Kinyume chake, anayenunua bila kutazama ndiye achekwaye. Hoja ya Clifford, basi, ilijulikana sokoni kabla haijajulikana chuoni. Anachouliza mkana Mungu ni hiki tu: kwa nini mtu huyo huyo, akitoka sokoni na kukutana na mhubiri wa kando ya barabara au mwuza dawa ya kuzuia wachawi, haombi tena punje ya kutafuna? Na kwa nini mtoto aliyefuatana naye, ambaye amejifunza kwa mama yake kuuchunguza mchele, atakemewa akithubutu kuyachunguza maneno ya mhubiri?

Mwenye imani naye ana majibu, wala si majibu ya kupuuzwa. Mchele hutafunwa, Mungu hatafunwi. Wala mambo mengi ambayo mtu huishi kwayo hayapimwi kwa meno: mapenzi ya mama, ahadi ya rafiki, wajibu wa kumzika maiti asiye na jamaa. William James wa Marekani alimjibu Clifford mwaka 1896 kwa njia kama hiyo, akisema kwamba yapo mambo ambayo mtu hana budi kuyaamua kabla ushahidi haujatimia, na kwamba kukataa kuamua nako ni kuamua. Na juu ya malezi, mwenye imani atasema kwamba mtoto hupewa lugha, jina na adabu bila ya kuulizwa. Basi mbona dini peke yake ndiyo iitwe dhuluma? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na hapana mtoto aliyepata kulelewa katika utupu.

Hapo ndipo penye kazi ya mwandishi wa riwaya. Hoja ikisemwa katika mhadhara huweza kushinda kwa ulimi. Katika riwaya haina budi kuvaa mwili, ikae nyumbani mwa watu, ikutane na hoja ya pili iliyovaa mwili pia. Kipimo cha haki kwa riwaya inayogusa imani ni hiki: je, kila upande umepewa hoja yake iliyo bora, au mmoja umepewa ulimi na wa pili umepewa matendo ya aibu tu?

Buruhani gerezani

Shaaban Robert alikuwa Mwislamu, na maandiko yake yote yana harufu ya ibada. Hawezi kuhesabiwa miongoni mwa wakana Mungu. Hata hivyo Kusadikika, kitabu chake cha mwaka 1951, ndicho kilichouweka ushahidi katikati ya masimulizi kuliko kingine chochote cha wakati wake. Jina lenyewe latokana na kusadiki. Karama ashitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria, naye ajitetea mbele ya baraza kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi, wakarudi na mambo ya manufaa, nao wakalipwa adhabu badala ya shukrani. Mmoja wa wajumbe hao aitwa Buruhani, na mwingine aitwa Amini.

Msomaji ajuaye maana ya majina hayo ataona jambo la kuzingatiwa. Buruhani ni hoja iliyothibitika. Amini ni kuaminika na kusadiki. Katika nchi ya Kusadikika wote wawili wamepatwa na msiba mmoja, kwa mkono mmoja. Mwandishi hakuufanya ushahidi kuwa adui wa imani, wala imani kuwa adui wa ushahidi. Adui wa wote wawili ni mamlaka yasiyotaka kuulizwa. Fikira hii ni pana kuliko ile ya Clifford, ambaye aliona vita kati ya imani na ushahidi tu, na ni pana pia kuliko ya wale wahubiri wanaodhani kwamba kila aulizaye amekwisha kukufuru. Yafaa ishikwe, maana kwayo riwaya zilizofuata zaweza kupimwa.

Mpaka ambao mpelelezi hakuuvuka

Baada ya Kusadikika ilitokea Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, iliyopata zawadi ya kwanza katika mashindano ya kuandika hadithi ya mwaka 1957–58 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau. Bwana Ali akutwa amekufa kwenye mzimu, kichwa kimetengwa na kiwiliwili, na hofu ya watu yaelekea kwa wazee waliokwisha kufa. Ndipo atokeapo Bwana Msa, na kiko chake, asiyeikubali sababu ya mizimu kabla ya kutafuta mkono wa binadamu. Akusanya dalili moja moja, apima maneno ya kila mtu, na mwisho wake siri yafumbuka bila ya msaada wa pepo yeyote.

Kwa upande wa ushahidi kitabu hiki ni darasa zuri. Kilimfundisha msomaji wa Kiswahili raha ya kungoja dalili, na aibu ya kuhukumu kwa uvumi. Lakini lazima isemwe kwamba upelelezi wa Bwana Msa una mpaka. Huingia mzimuni bila hofu, lakini swali lake halikaribii mlango wa dini iliyo na vitabu na heshima mjini. Ushahidi hutakiwa kwa imani ya wanyonge, si kwa imani ya waungwana.

Kasoro hii si ya Abdulla peke yake. Okot p'Bitek wa Uganda, katika kitabu chake cha Kiingereza cha mwaka 1970 juu ya dini za Afrika na wataalamu wa Magharibi, aliilaumu tabia ya wasomi ya kuzichunguza imani za wazee kwa mizani ya imani nyingine ambayo yenyewe haikuwekwa mizanini. Humo alisimulia kisa cha mapadri wa Kiitaliano ambao mwaka 1911 waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Lugha ya wazee haikuwa na neno la kuumba kwa maana waliyoitaka mapadri; swali likageuka likawa ni nani aliyewafinyanga. Wazee wakajibu kwamba binadamu huzaliwa na mama yake. Walipobanwa zaidi, mmoja akakumbuka kwamba mtu apatwapo na maradhi ya kibyongo husemwa amefinyangwa na pepo aitwaye Rubanga. Mapadri wakafurahi, wakalichukua jina hilo kuwa la Mungu Mwumba, na watoto wa Waacholi wakafundishwa kulisali. Kisa hiki chafaa kukumbukwa na kila azungumzaye juu ya malezi ya imani: mtoto akaririye hakariri fundisho peke yake, hukariri na makosa ya waliolifasiri, na asipopewa ruhusa ya kuuliza, makosa hayo yatakuwa matakatifu.

Fimbo ya Zakaria

Mtu aliyeuvuka mpaka wa Bwana Msa ni Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akasoma seminari kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kufariki mwaka 2020. Rosa Mistika, ya mwaka 1971, yachukua jina lake katika litania ya Bikira Maria. Watu wengi waliikumbuka kwa sababu ya kuzuiliwa shuleni kwa muda, wakidhani habari yake ni uasherati. Habari yake ni malezi.

Zakaria, baba mlevi, amlinda binti yake kwa fimbo. Amkutapo na barua ya mvulana ampiga bila ya kiasi, naye Rosa akua akiwaogopa wanaume wote kwa kuwa amwogopa mmoja. Lakini hofu hiyo ni mlinzi akaaye nje ya nyumba. Rosa aondokapo machoni pa baba yake, na hatimaye machoni pa walimu wake pia, mlinzi hayupo tena, wala ndani hamkupandwa kipimo chochote ambacho msichana angeweza kukiita chake. Ndipo aangukapo, na mwisho wake ni kujiua. Mwandishi halaumu dini kwa maneno; aonyesha tu kwamba wema uliotiwa kwa hofu hauwi wema wa aliyetiwa. Wakana Mungu walipolaumu kumkaririsha mtoto imani kwa kutisha moto wa jehanamu, walisema jambo lile lile kwa njia ya hoja. Kezilahabi amelisema kwa njia ya msichana.

Tena mwandishi hakuimaliza kesi hii kaburini. Baba na binti wafikishwa mbele ya hukumu ya Mungu, wakishitakiana. Kwa msomaji mcha Mungu hapo pana faraja ya kuwa haki haipotei; kwa msomaji asiyeamini pana swali kali zaidi, yaani kama mtu aliyefinyangwa na mwingine aweza kuhukumiwa kwa umbo alilopewa. Wote wawili wana la kufikiri, na hiyo ndiyo alama ya kitabu kilicho bora.

Kifo cha Kazimoto si hoja

Kichwamaji, ya mwaka 1974, yaingia katika swali lenyewe waziwazi. Kazimoto ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu ambaye amekwisha kuziacha imani za nyumbani, hana Mungu wa kumwegemea, na kuwapo kwa Mungu ni jambo analolijadili wazi. Mambo yake yaharibika moja baada ya lingine: dada yake Rukia apewa mimba na Manase, kisha mauti yaingia nyumbani, Kazimoto awaza kisasi, kisha amwoa Sabina, dada wa adui yake, mtoto wao azaliwa na kichwa kikubwa, kama alivyozaliwa mtoto wa Manase, na Kazimoto ajiua.

Ni rahisi kukisoma kitabu hiki kama onyo: tazameni mwisho wa mtu aliyemkana Mungu. Usomaji huo hausimami. Kwanza, mlolongo wa sababu katika masimulizi hauanzi katika kutoamini. Waanza katika tamaa ya Manase, katika kisasi, na katika ugonjwa ambao watoto waliurithi kwa baba zao bila ya kosa lao. Pili, kama kukata tamaa kwa asiyeamini ni ushahidi kwamba kutoamini ni uongo, basi kukata tamaa kwa Rosa, aliyepewa jina la Bikira na kulelewa katika Ukristo, ni ushahidi kwamba imani nayo ni uongo. Mizani haiwezi kutumiwa kwa upande mmoja tu. Ukweli wa jambo haupimwi kwa furaha wala kwa huzuni ya aliyelishika.

Lakini lawama moja yamstahili mwandishi. Kutoamini kwa Kazimoto ni hali ya moyo zaidi kuliko tokeo la uchunguzi. Msomaji aonyeshwa uchungu wake, haonyeshwi vya kutosha jinsi alivyofika hapo: ni hoja gani aliyoipima, ni ushahidi gani alioutafuta na kuukosa, ni mzee gani mwenye hekima aliyemjibu vyema naye akashindwa kuridhika. Imani katika kitabu hiki haikupata mtetezi wa kimo chake. Kwa kipimo kilichotajwa juu, Kichwamaji imempa asiyeamini ulimi, lakini imemnyima mshindani. Na hoja isiyo na mshindani hufanana na mpiganaji apigaye hewa. Katika Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991 Kezilahabi alirudi kwa swali hilo kwa njia ya mafumbo, na humo utafutaji wenyewe ukawa ndio masimulizi. Hata hivyo Kazimoto ndiye anayebaki katika kumbukumbu ya wanafunzi, na kwa sababu yake wengi hudhani kwamba kutoamini na kujiua ni ndugu wa tumbo moja.

Urithi wa kitandani

Riwaya ya Nyanda za Juu za Kusini iliyotajwa mwanzoni ni Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o, iliyotolewa mwaka 1977. Mwandishi ametoka Njombe, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa. Gusto, kijana wa shule, arudi nyumbani kwa baba yake aliye mahututi. Na baba, kabla ya kufa, amwachia mwanawe urithi ambao si shamba wala ng'ombe, bali uchawi. Tangu hapo kijana amefungwa na vita ambavyo hakuvianzisha, na urithi wake haumletei amani.

Kwa upande wa ushahidi kitabu hiki ni dhaifu kuliko hadithi ya Bwana Msa. Uchawi umeingizwa katika masimulizi kama jambo lililokwisha kuthibitika. Elimu ya Gusto, ambayo ilipasa kumfanya aulize, yawekwa kando kama koti wakati wa joto. Msomaji hapewi nafasi ya kusema: labda ni maradhi, labda ni sumu, labda ni bahati mbaya. Lakini kwa upande wa malezi kitabu hiki kimeona jambo ambalo Clifford na Russell hawakuliona. Imani haipiti kwa mwana kwa njia ya hoja, wala si kwa njia ya fimbo siku zote. Hupita kwa njia ya mapenzi. Ni mwana gani awezaye kumwambia baba anayekata roho, «Lete kwanza ushahidi»? Kukataa hapo kungekuwa ukatili, na kukubali ni kujifunga. Mung'ong'o ameiweka saa ya kurithi mahali pake pa kweli, kitandani kwa mgonjwa, na kwa jina la kitabu ametoa hukumu yake: mirathi hii ni ya hatari. Mkana Mungu adhaniye kwamba watu hushika imani kwa ujinga tu hana budi kukisoma kitabu hiki, apate kujua kwamba wengi huishika kwa sababu aliyewapa walimpenda.

Isidhaniwe kwamba wazee wa nchi hizo hawakutaka ushahidi. Monica Wilson, aliyeandika habari za Wanyakyusa katika kitabu chake cha mwaka 1951, alieleza kwamba waliamini uchawi kuwa ni chatu akaaye tumboni mwa mchawi. Na maiti walipasuliwa ili ijulikane kama alikuwamo. Kadhalika mshitakiwa alinyweshwa mwafi: akitapika ameokoka, asipotapika ana hatia. Huo ulikuwa utafutaji wa ushahidi. Kilichokosekana si hamu ya kupima, bali ni njia ya kukipima kipimo chenyewe. Kutapika hueleza hali ya tumbo, hakuelezi hali ya moyo. Na aliyekwisha kusadiki kwamba chatu yumo atamwona katika utumbo wowote. Somo hili lahusu dini zote, na lawahusu wakana Mungu pia: kipimo ambacho hakina namna ya kumkosoa mpimaji si kipimo.

Uzito wa jambo

Mtu aweza kusema kwamba haya ni mazungumzo ya vitabu. Sivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitoka Mbeya, na hasa Mbozi, ambayo tangu mwaka 2016 imo katika Mkoa wa Songwe, habari za watu kuuawa na kuchunwa ngozi kwa ajili ya ushirikina. Mwanzoni mwa mwaka 2019 watoto kadhaa waliuawa Njombe, katika nchi ile ile ya Mirathi ya Hatari, na mauaji hayo yakahusishwa na imani za kupata utajiri kwa viungo vya binadamu. Mfano wa Clifford wa meli iliyozama una maiti zake huku pia. Yule aliyesadiki bila kupima hakudhurika yeye. Aliyedhurika ni mtoto wa jirani.

Haki yataka isemwe mara moja kwamba dini za misikiti na makanisa si chanzo cha mauaji hayo, na kwamba wahubiri wengi huyalaani. Wamisheni wa Kimoravia waliofika Rungwe mwaka 1891 walileta pamoja na sala elimu ya kusoma na kuandika; na aliyekwisha kujua kusoma aweza kusoma hata kile ambacho mwalimu wake hakukikusudia. Pamoja na hayo liko jambo la kuangaliwa. Kukemea uchawi si kukanusha uchawi. Utafiti wa Martin Lindhardt juu ya makanisa ya Kipentekoste mjini Iringa waonyesha kwamba huko uchawi huhesabiwa kuwa nguvu ya kweli, iliyoshindwa na nguvu iliyo kubwa zaidi. Mtoto aliyelelewa katika mahubiri hayo hufundishwa kutomwogopa mchawi, lakini hafundishwi kuuliza kama mchawi yupo. Hofu yake imepata mganga. Swali lake halijapata mwalimu.

Na swali hilo halina budi kupata mwalimu, kwa maana watu wasioamini si uvumi tena katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1970 Ngugi wa Thiong'o alisimama mbele ya mkutano wa Kanisa la Presbiteri mjini Nairobi akakiri kwamba yeye si Mkristo. Mwaka 2016 chama cha wasioamini Mungu kiliandikishwa kwa sheria nchini Kenya, kikasimamishwa mwaka huo huo. Katika Tanzania, Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule zimpe mtoto moyo wa kudadisi, na Katiba ya mwaka 1977 yampa kila mtu uhuru wa kubadili dini au imani yake. Lakini uhuru wa kubadili hauna maana kwa mtu ambaye hakupata kuzoezwa kupima. Ni sawa na kumpa kipofu ruhusa ya kuchagua rangi.

Je, mtoto asipewe dini mpaka akue? Riwaya zilizotajwa hapa hazitoi jibu hilo, wala haliwezekani. Kila mzazi hurithisha, na asiyerithisha dini hurithisha shaka yake. Walakini wajuzi wa sheria ya Kiislamu wafundisha kwamba mali ya marehemu haigawanywi kabla haijahesabiwa na madeni yake kulipwa. Kanuni hiyo yafaa kwa urithi wa imani pia. Kosa la Zakaria halikuwa kumpa binti yake adabu, lilikuwa kumnyima nafasi ya kuielewa. Hatari ya Gusto si kwamba alirithi, ni kwamba alirithi usiku, bila ya kuhesabu, na madeni yakamwangukia asiyeyakopa. Ni dhuluma kumkataza mrithi asifungue sanduku akaona kilichomo. Wala asilaumiwe akikiacha kile ambacho, baada ya kukipima, hakuona thamani yake.

Kwa upande wa fasihi, kazi iliyobaki ni kubwa. Kiswahili kinao Kazimoto, asiyeamini aliyekufa kwa uchungu; bado kinamngoja asiyeamini aliye hai, alimaye shamba lake, alipaye madeni yake, awazikaye majirani zake, na kuwajibu wazee kwa heshima wamwulizapo ameyatoa wapi mawazo hayo. Kadhalika kinamngoja mcha Mungu aliyezipima hoja zote za Clifford na Russell, akaziona uzito wake, na bado akabaki katika sala yake kwa hiari. Watu hao wawili wakikutanishwa katika kitabu kimoja, kila mmoja na hoja yake iliyo bora, msomaji atakuwa na jambo la kupima kwa akili yake mwenyewe.